Bwana Shamba Anajibu: Pima Kwanza, Ndipo Uongeze Ekari

Shikamoo bwana shamba. Nina ekari tano za mahindi hapa Mbozi, nimepata gunia 30. Niongeze ekari ngapi nifikishe 60?

Marahaba. Usiongeze hata moja. Gunia sita kwa ekari, tena Mbozi, ni aibu kwa ardhi ile. Shika kamba upime: ekari ni hatua 70 kwa 70, kama mita 64 kila upande. Kisha hesabu mashina. Ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya shina na shina, mbegu moja kila shimo, unapata karibu mashina 18,000. Kila shina likikupa gramu 100 tu za punje, hizo ni gunia 18 za kilo mia. Kumi na mbili zimepotelea wapi? Nadhani ni kwenye palizi. Mikono ya nyumba moja huanza ekari ya kwanza kwa nguvu, na ikifika ya tano magugu yameshakula mbolea na mahindi yamekuwa ya njano. Mwakani lima mbili, uzipalilie kabla ya wiki ya tatu.

Ni kweli mkulima mdogo huvuna zaidi kwa ekari kuliko mkubwa?

Mara nyingi tafiti zimeonyesha hivyo, na sababu inayotajwa sana ni hiyo hiyo mikono ya nyumbani. Lakini Ethiopia, watafiti walipovuna vipande vya shamba na kuweka mazao kwenye mizani badala ya kumwuliza mkulima amepata kiasi gani, tofauti ile ilitoweka. Kwa hiyo acheni kuniandikia "kama gunia kumi hivi". Pimeni!

Mbegu gani nzuri ya mahindi?

Wiki hii peke yake mmeniuliza hivi watu wanne, na hakuna aliyetaja wilaya, mwinuko wala mvua yake. Sitajibu mpaka mtaje.

Kwa nini ardhi wasipewe wawekezaji wakubwa, njaa iishe?

Nenda Kongwa, kule Dodoma, ukaulize. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, wakipanga ekari milioni tatu. Udongo ukikauka unakuwa kama saruji, mvua haitabiriki, na mwaka 1951 mpango ulikufa na mamilioni ya pauni. Ukubwa hauleti mvua. Ila na nyie wazee mnaogawa kihamba, shamba la ukoo, cha nusu ekari kwa vijana wanne, hakuna palizi itakayolisha nyumba kwenye kipande kile. Mmoja alime, wengine muwatafutie njia nyingine mapema.

Tuko saba, tuna ekari moja. Tulivuna gunia 11, tukauza nane mwezi wa saba. Sasa tunanunua kwa debe.

Pole sana mama. Mimi nahesabu gunia moja kwa kila mlaji kwa mwaka, kwa hiyo saba zilikuwa za nyumba yako, nne tu ndizo za soko. Na kama aliyenunua alishona lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, umempa debe zima na zaidi bure kwa kila gunia, mdai mizani. Msimu ujao kausha vizuri kabla ya kuweka ghalani. Tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.