Uzamili wa usimamizi wa miradi unamfaa nani? Maswali yenu na majibu

Mwezi huu wengi mmeniuliza kama shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi inawafaa. Nimechagua barua tano ambazo hazifanani.

Shikamoo. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sosholojia mwaka jana, kazi sijapata. Baba yuko tayari kuuza kiwanja anilipie uzamili wa miradi. Niunganishe moja kwa moja? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kwa sasa hapana, na kiwanja cha mzee kisiguswe.

Nakueleza kwa nini. Mimi nilisimamia uchimbaji wa visima vijijini miaka minane kabla sijaingia darasa la uzamili. Kisima kimoja tulikikabidhi kwa ngoma na ubwabwa. Miezi 14 baadaye pampu ikaungua, na kamati ya maji ya kijiji ilikuwa na shilingi 40,000 tu kwenye daftari. Akina mama wakarudi kuchota maji bondeni huku kituo chetu kikiwa bado na rangi mpya. Swali la kwa nini hakukuwa na fedha ya kutengeneza pampu lilininyima usingizi, nikaingia nalo darasani. Mhadhiri alipofika kwenye gharama za uendeshaji baada ya makabidhiano, nilijua pale pale andiko letu la mradi lilipungukiwa wapi. Kijana aliyekaa pembeni yangu, aliyetoka chuoni moja kwa moja, aliandika somo lile lile neno kwa neno, akafaulu vizuri kunishinda, lakini hakuwa na kisima chochote cha kulipachikia.

Tafuta kwanza mradi wa kuushika, hata kama ni mdogo na posho ni ya nauli tu: kukusanya takwimu, kuandika mihtasari ya vikao vya wanufaika, kupokea vifaa na kuvihesabu. Baada ya miaka miwili mitatu niandikie tena.

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari, Kahama. Mwaka 2021 nilijenga madarasa manne ya fedha za UVIKO-19 kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi, bila mkandarasi. Nilimaliza, ila nilikonda. Wenzangu wanasoma uzamili wa uongozi wa elimu, mimi moyo uko kwenye miradi. Mwalimu anafaa?

Mwalimu, unafaa kabisa. Barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Hebu tazama ulichofanya. Madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa mpigo mmoja, kila darasa shilingi milioni 20 pamoja na samani, maana yake kila shule ilikuwa ikitafuta saruji, nondo na bati siku zile zile na wewe. Ulikuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zote zimejaa wazazi na walimu ambao hawajawahi kusoma hati ya manunuzi. Ulijua kwamba nondo zisipofika, fundi wa lenta hawezi kuanza, na ukimkosa wiki hiyo ameshahamia shule ya jirani. Uliyabeba yote hayo kichwani, ndiyo maana ulikonda.

Darasani utayakuta yakiwa na majina na mahesabu yake. Utajifunza kuchora mnyororo wa kazi na kuona mapema ni kiungo gani kikichelewa siku tatu, tarehe ya makabidhiano nayo inasogea siku tatu. Utajifunza kulinganisha fedha iliyotumika na kazi iliyokwishafanyika, ili ujue mwezi wa pili, wala si wa mwisho, kwamba bati hazitatosha. Halmashauri zetu zina njaa ya watu wa aina yako. Omba, Mwalimu, na tasnifu yako uiandike kuhusu fosi akaunti, kwa sababu unayo ndani ya mifupa yako.

Mimi ni mhandisi wa barabara, Mombasa. Nisome uzamili au nichukue cheti cha PMP?

Mhandisi, inategemea unataka kufungua mlango upi. PMP ni cheti cha kitaalamu cha usimamizi wa miradi, na hutolewa na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na kupata saa 35 za mafunzo, ndipo akae kwenye mtihani. Cheti hicho huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Makandarasi wa kimataifa wanakijua, na ukiwa na nidhamu ya kusoma usiku, hakikuchukui muda mrefu.

Uzamili ni wa anayetaka kufundisha, kufanya utafiti, au kupanda kwenye nafasi ambako tangazo linataka shahada ya pili. Ila soma orodha ya masomo kabla ya kulipa. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kinatoa shahada hii kama uzamili wa sanaa, na mhandisi anayetarajia mikataba ya ujenzi tupu anaweza kushangaa. Kwa ulivyojieleza, mimi ningeanza na PMP.

Hesabu zilinishinda tangu kidato cha pili. Nitaweza? (Msomaji, Tabora)

Utaweza. Hesabu nyingi ni za Excel. Kinachokwamisha watu ni kuandika: wanamaliza masomo yote, halafu tasnifu inakaa kabatini miaka mitatu. Kama kuandika ripoti ya kurasa 10 kunakuumiza kichwa, anza kujizoeza hapo.

Nilikuwa afisa ufuatiliaji na tathmini, Mwanza. Mradi wetu wa VVU ulifungwa mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada. Nina miaka sita kazini na akiba kidogo. Niiweke yote kwenye ada? Na ukweli ni kwamba mume wangu anasema mimi ni mpole mno kuwa meneja.

Pole sana dada. Najua wengi waliorudishwa nyumbani kwa barua ya aya mbili, na si kwa sababu kazi yao ilikuwa mbaya.

Kwa sifa unafaa: mtu aliyeishi na bango kitita (jedwali la malengo na viashiria vya mradi) miaka sita hana cha kuogopa. Akiba usiimwage yote. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina shahada hii na vituo mikoani, kwa hiyo unaweza kusoma huku unatafuta riziki. Na usiutazame mlango wa wafadhili peke yake. Kampuni za ujenzi, benki na hata bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, zote zinahitaji watu wa kufuatilia na kupima.

Kuhusu upole, nimefanya kazi na mameneja wapole waliofikisha miradi mwisho, na wakali walioizamisha. Tofauti niliyoiona ni siku wanayosema ukweli. Msimamizi mmoja niliyemheshimu sana alikuwa na sauti ndogo mno kikaoni, lakini kila Ijumaa saa tisa alituma ukurasa mmoja kwa mfadhili, na jambo baya lilikuwa mstari wa kwanza.

Kwa hiyo nikuulize, dada. Kule kwenye mradi, ulipoona takwimu za kituo fulani hazikubaliani na rejesta, ulimwambia bosi wako siku ya ngapi?