Maswali na Majibu: Boti Yangu Itakwisha Lini?

*Shikamoo mzee. Nimeagiza katamarani ya matanga, futi 38, inaundwa pwani. Fundi aliahidi miezi kumi, huu ni wa kumi na tisa. Njiani nimeongeza choo cha pili, jenereta na friji tu. Nimshitaki? (Kisasa)*

Marahaba. Kabla ya mahakama, isome tena barua yako mwenyewe. Choo cha pili umekiongeza wewe, jenereta umeiongeza wewe, na friji pia. Katamarani ni chombo cha bodi mbili, yaani viwiliwili viwili vinavyoelea, vilivyoungwa kwa sitaha katikati. Haina mkuku mzito (uti wa chini ya chombo) wa kuikalisha majini. Inasimama kwa upana wake, na inakwenda vizuri ikiwa nyepesi. Ukiijaza mizigo bodi zote mbili zinadidimia, sitaha ya kati inakaribia maji, na mawimbi yanaigonga kwa chini usiku kucha. Kwa hiyo kila ukipiga simu na wazo jipya, fundi anarudi kwenye mchoro, wakati mwingine anabomoa alichokwisha kujenga. Halafu unasema anachelewa!

Acha kubadilisha. Na malipo yafuate kazi, yasifuate kalenda: bodi zikiunganishwa, lipa, sitaha ikifungwa, lipa, mlingoti ukisimama, lipa. Tena nenda ukaone kwa macho. Tangu 2024 treni ya umeme kutoka hapa Dodoma inakufikisha Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo, na picha za WhatsApp nimeshaona moja ikitumwa kwa wateja wawili.

*Fundi anasema kwa sababu ya masika hawezi kupaka resini, ile gundi ya faibaglasi. Ananidanganya? (Area D)*

Hapana. Unyevu ukiingia kwenye faibaglasi, tabaka hazishikani vizuri, na ubovu wake utauona baadaye ukiwa baharini. Ila muulize kwa nini hadi leo banda lake halina kuta. Hilo ulipaswa kuliona kabla ya kutoa arbuni.

*Ngalawa si ndiyo katamarani yetu? (Kondoa)*

Ngalawa ni mtumbwi mmoja wenye matengo mawili, yale maboya ya mbao ya ubavuni yanayouzuia usipinduke. Katamarani ni bodi mbili zinazolingana. Nimelijibu hili mara tatu. Ya nne sijibu.

*Ikikamilika naweza kuipandisha kwenye lori niilete Mtera? (Nzuguni)*

Ya futi 38 ina upana wa mita sita hivi. Lori gani hilo, na barabara ipi? Kwa Mtera agiza ndogo inayofunguliwa vipande. Hata hiyo, kumbuka lile ni bwawa la umeme: maji hupanda na kushuka, na visiki vya miti iliyofunikwa na maji viko chini vinakusubiri. Viboko na mamba pia wapo. Jaketi okozi livaliwe. Kulikalia kama mto wa kiti hakusaidii kitu.

*Fundi anataka salio lote kabla ya kushua chombo majini. Nimpe? (Mpwapwa)*

Usimpe. Bakisha fungu la maana mpaka chombo kimeshuliwa, kimejaribiwa kwa upepo na wewe ukiwa ndani, na karatasi za usajili wa TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini, zimeanza kushughulikiwa. Uungwana wake usikulegeze. Wa kwangu alikuwa muungwana kuliko wote, akaniapia kwamba mashua imebakiza rangi tu, nami nikamaliza deni. Kumbe usukani hata haujachongwa. Ulikuja baada ya miezi minane, kwa basi, ndani ya gunia, ukashushwa stendi hapa Dodoma. Mashua iko Pangani.