Usiifiche rasimu ya kwanza: ushauri kwa mwanafunzi anayekusanya kazi zake za uandishi

Nilipoambiwa niandae potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zangu bora, ya kumalizia masomo ya uandishi wa kitaalamu, nilikusanya kila kitu kilichowahi kunipatia alama nzuri. Insha za kitaaluma, ripoti, mapitio ya maandiko, miongozo miwili ya mtumiaji, hata kumbukumbu za mkutano. Faili likafika kurasa 112, nami nikalipenda sana. Mhadhiri aliyenisimamia alilifungua, akalipitia taratibu, kisha akauliza, "Humu ndani wewe uko wapi?"

Sikumwelewa. Jina langu lilikuwa kwenye kila ukurasa. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba kazi iliyokamilika huficha maamuzi yaliyoizaa. Msomaji anaona sentensi safi. Haoni ile mbovu iliyoitangulia, wala hajui ni nani aliyesababisha ibadilike. Na mtu anayetafuta mwandishi wa maandishi ya kiufundi anataka kuona hayo maamuzi kabla ya kitu kingine chochote.

Nieleze mfano mmoja kwa kirefu, maana ndio ulionifungua macho.

Miongoni mwa kazi zangu kulikuwa na mwongozo wa kutumia mashine ya kupima presha nyumbani. Hatua ya 2 ilisema: "Funga mkanda mkononi." Darasani ilipita bila swali. Siku moja nikampa shangazi yangu mwongozo ule pamoja na mashine, nikamwomba asome kwa sauti huku akifanya, nami nikajizuia nisitie neno. Akafunga mkanda kwenye kifundo cha mkono, juu ya sweta. Hakukosea. Mkono kwetu unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Ile sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko ilikuwa kichwani mwangu tu, sikuiandika. Akabonyeza kitufe, namba ikatoka, akaendelea kusoma. Alipofika hatua ya 7 akakuta anakatazwa kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya dakika 30 kabla ya kupima. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa mezani, nusu. Akaniangalia. "Mwanangu, hili si ungeniambia mapema?"

Hatua ya 2 sasa inasomeka: "Vaa mkanda kwenye mkono mtupu, juu ya kiwiko. Ukingo wa chini wa mkanda uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko." Tahadhari ya kahawa na sigara imehamia juu kabisa, kabla ya hatua ya 1, pamoja na agizo la kukaa kimya dakika 5. Kwenye potifolio yangu matoleo yote mawili yanakaa bega kwa bega, na chini yake nimeeleza yaliyotokea siku ile. Katika usaili wangu wa kwanza wa kazi ukurasa huo ndio uliozungumziwa kuliko zote. Ile ripoti iliyonipa alama ya juu kuliko zote haikuguswa.

Kwa hiyo, kila kazi unayoiweka itangulize kwa maelezo mafupi. Maneno 150 au 200 yanatosha. Sema msomaji alikuwa nani, alitaka kufanya nini, vizuizi vilikuwa vipi (muda, urefu, istilahi asizozijua), na ulibadilisha nini baada ya mtu mwingine kuisoma. Sentensi kama "kazi hii ilinifundisha mengi" ifute bila huruma. Weka jambo moja ulilojifunza na mahali linapoonekana.

Kuna kipimo ninachokitegemea ninapochagua cha kubakiza. Kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, kinamtaka mwandishi ahakikishe wasomaji wanapata wanachohitaji, wanakiona kwa urahisi, wanakielewa, na wanaweza kukitumia. Nilipozipitisha kurasa zangu 112 kwenye kipimo hicho, zilibaki kazi sita. Nyingi zilikwama kwenye lile la nne: zilieleweka, ila hakuna ambaye angezitumia kwa lolote.

Kazi za kitaaluma msizitupe, ndugu zangu. Najua wapo wanaosema waajiri hawazitaki, na mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeandika vizuri sehemu ya mbinu, hatua kwa hatua, kiasi kwamba mwingine anaweza kurudia jaribio lake, tayari ameandika mwongozo. Tatizo ni kuweka tasnifu nzima na kutarajia mgeni aisome. Mhadhiri analipwa kusoma hadi mwisho. Mgeni atakupa dakika chache. Weka ikisiri (muhtasari wa kazi), sehemu moja uliyoiandika vizuri kuliko nyingine, na kiungo cha kazi kamili kwa atakayetaka. Jambo lililonisaidia zaidi ni kuchukua ripoti yangu ya utafiti ya kurasa 14 na kuiandika upya kwenye ukurasa mmoja kwa mtu ambaye kazi yake ni kuamua tu. Ripoti ilianza na utangulizi na mbinu, matokeo yakaja baadaye. Ule ukurasa mmoja ulianza na pendekezo, mbinu zikapata mistari mitatu mwishoni. Ukiziweka pamoja, hakuna haja ya kujisifu kwamba unamjua msomaji wako.

Kagua marejeo pia. Niligundua kazi moja ilitaja vyanzo kwa mtindo wa APA kwenye aya za mwanzo, yaani jina la mwandishi na mwaka, halafu kwa mtindo wa IEEE, namba kwenye mabano ya mraba, kuanzia katikati, kwa sababu nilikuwa nimeunganisha vipande viwili vya nyakati tofauti. Anayeajiri mwandishi huyaona hayo haraka.

Suala la haki lisichukuliwe kijuujuu. Kwenye mafunzo kwa vitendo niliandika waraka nilioujivunia kuliko yote, lakini nilikuwa nimesaini mkataba wa usiri. Niliomba ruhusa ya kuutumia, nikanyimwa. Iliniuma, ila niliuacha. Kufuta jina la kampuni pekee hakutoshi. Picha za skrini, majina ya seva na hata mpangilio wa menyu vinaweza kumtambulisha mwenye mali. Badala yake nikaandika mwongozo wa usakinishaji wa programu huria (ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote), mwongozo ambao yeyote anaweza kuufungua na kuujaribu. Kama kazi ilikuwa ya kikundi, taja kwa uwazi ulichofanya wewe: "niliandika sura ya 2 na kuhariri nzima" ni bora kuliko "tuliandaa."

Kuhusu umbo sina mengi. Kazi yenye nguvu zaidi itangulie, wala usifuate tarehe. Tumia mitindo halisi ya vichwa vya habari ndani ya programu ya kuandikia, usikoleze tu herufi, ili hata anayesomewa na kompyuta aweze kuruka kutoka sehemu hadi sehemu. Kila picha ipewe maelezo ya maandishi. Hifadhi nakala ya PDF yenye fonti ndani yake, kwa kuwa tovuti za bure hufungwa na viungo hufa. Faili lipe jina linaloeleweka likiwa peke yake kwenye folda ya mtu mwingine, langu la kwanza liliitwa "mwisho_kabisa_3."

Kabla hujalituma, mpe mtu asiyesoma fani yako alifungue kwenye simu yake mbele yako. Kaa kimya, uangalie kidole chake kinasimama wapi.