Fundi wa Herufi: «Korosho» yangu inayumba

SWALI: Shikamoo fundi. Nachora vifungashio hapa Mikindani. Sasa natengeneza fonti ya vipande kwa ajili ya pakiti za korosho za kina mama wanaobangua jirani yetu. Kila herufi ndogo inajengwa kwenye karatasi ya grafu, kimo visanduku 5, kwa vipande vinne tu: mraba, nusu mraba, robo duara na pembetatu. Nimewaonyesha wachoraji wenzangu watatu. Wa Lindi kasema s ni nene. Wa Masasi kasema k imehamia kutoka fonti nyingine. Wa tatu kasema nzuri, acha. Nimefuta na kuchora hadi siielewi tena. Nimsikilize nani?
S., Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karatasi yako niliibandika ukutani nikarudi nyuma hadi mlangoni, maana herufi ukiisogelea sana inakudanganya.

Wa Lindi jicho lake ni zima, ila sababu kaikosa. Hesabu visanduku vya s yako: ina mistari mitatu ya kulala, na kati yake upenyo wa kisanduku kimoja kimoja. Jirani yake o ina miwili tu, na nafasi ya visanduku vitatu katikati. Wino wa s ni uleule. Weupe ndio umebanwa. Ukiikondesha s peke yake utahamishia ugonjwa kwenye a na e, nazo zina mistari mitatu, na Kiswahili bila a hakiendi popote. Pandisha kimo kiwe visanduku 7: mstari, weupe wa viwili, mstari, weupe wa viwili, mstari. Zote tatu zitapumua kwa mpigo.

Wa Masasi naye kasema kweli. Pembetatu umeitumia kwenye k tu. W na y umezikunja kwa robo duara. Ama ziingie pembetatu kwenye v, w, y na z pia, ama uitupe. Mimi ningeitupa, mikono ya k nikaijenga kwa robo duara mbili zinazopeana mgongo.

Kuna jambo hakuna aliyekutajia. Korosho ina o tatu, na zote zimesinyaa kando ya h. Duara hugusa mstari kwa ncha tu, kwa hiyo jicho huliona fupi. Wachora fonti hulizidisha kidogo juu na chini; wewe gridi haikuruhusu, kisanduku kizima ni kingi mno. Basi acha robo duara kwenye pembe tu, juu na chini pawe bapa.

Usiogope kanuni kali, lakini ujue bei yake. Wim Crouwel wa Uholanzi mwaka 1967 alitoa New Alphabet, herufi zisizo na mkunjo hata mmoja. M yake ni n iliyopigiwa mstari chini. Inapendeza kutazama. Sasa iandikie «mama» uone.

Hao wenzako usiwaulize «mnaionaje?» Kila mmoja mpe karatasi yake yenye korosho, Mtwara, ng'ombe na mwaka, azungushie herufi moja tu inayomkera. Ikizungushiwa na wawili, hiyo ndiyo kazi ya kesho. Yule wa «nzuri, acha» mpe pakiti yenyewe, imechapwa kwa ukubwa wake, asome akiwa ng'ambo ya meza.

Mimi sikuuliza mtu nilipoandika SALAMA ubavuni mwa dau, ujana huo. S ya kwanza niliipanua, A zikanibania mwishoni. Mwenye dau alitazama kimya, kisha akaniuliza kama herufi zinashusha mzigo. Alinilipa nusu.

Nitumie karatasi ya visanduku 7. Na r usiiguse, imekaa.