Kabla ya Kuifundisha Kompyuta Sababu, Ifundishe Wakati

Kwa miaka kadhaa nimeandika programu zinazosoma kumbukumbu za wagonjwa na kutafuta majibu ya maswali kama haya: dawa ilianza lini, homa ilishuka lini, na je, dawa ndiyo iliyoishusha? Wanaoanza kazi hii huuliza kwanza watumie modeli gani ya akili mnemba. Nawashauri waanze na suala la wakati, kwa kuwa programu isiyojua lililotangulia haiwezi kutamka kwa haki kwamba jambo fulani limesababisha lingine.

Hifadhi nyakati mbili kwa kila tukio: lilipotokea na lilipoingizwa kwenye mfumo. Muuguzi wa zamu ya usiku humhudumia mgonjwa kwanza, akaandika baadaye. Ukihifadhi muda wa kuingizwa peke yake, kompyuta itaona dawa imetolewa baada ya homa kushuka. Afrika Mashariki tuna jambo la ziada: katika daftari moja utakuta mhudumu mmoja ameandika saa 2 asubuhi kwa hesabu yetu, na mwenzake ameandika 8:00 kama inavyosoma kompyuta. Tofauti hiyo ya saa 6 iondolewe kabla data haijaingia, wala programu isiachiwe ikisie.

Kumbuka pia kwamba mgonjwa mara nyingi hajui saa kamili. Atakwambia homa ilianza kabla hajasafiri na ilikuwa bado ipo alipomeza vidonge. Maelezo ya namna hiyo yanafaa sana. Mwaka 1983 mwanasayansi wa kompyuta James Allen alionyesha kwamba vipindi viwili vya wakati vinaweza kuhusiana kwa namna 13 tu, kama vile kutangulia, kugusana, kupishana au kimoja kuwa ndani ya kingine, na kwamba kutokana na mahusiano yanayojulikana kompyuta inaweza kukokotoa yale ambayo hayakutajwa.

Suala gumu zaidi ni yale yasiyobadilika. Watafiti wa akili mnemba John McCarthy na Patrick Hayes waliliibua mwaka 1969 chini ya jina la tatizo la fremu: kila tendo hubadilisha mambo machache na kuyaacha mengine yasiyo na idadi jinsi yalivyokuwa, na hakuna awezaye kuyaorodhesha yote. Wataalamu wengi walidhani inatosha kuiambia mashine ichague maelezo yenye mabadiliko machache iwezekanavyo. Mwaka 1987 Steve Hanks na Drew McDermott wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa mfano wa bunduki iliyotiwa risasi, kisha mtu akasubiri kidogo, kisha akafyatua. Sisi tunajua kwamba mlengwa atakufa. Mantiki ile, hata hivyo, ilikubali pia jibu la pili, kwamba risasi zilitoweka zenyewe wakati wa kusubiri na mlengwa akabaki hai, kwa sababu haikuwa na msingi wa kulikataa. Kwangu mimi huu ndio mfano wenye thamani kuliko yote katika uwanja huu, kwani unaonyesha kwamba badiliko lolote linahitaji tukio lililolileta.

Njia ninayoitegemea ni ile ya Robert Kowalski na Marek Sergot ya mwaka 1986, ambamo kila kanuni hutaja tukio linaloanzisha hali na tukio linaloikomesha, nayo hali hudumu katikati. Ukiifuata, amua kwa kila hali peke yake inadumu vipi. Mzio wa penisilini ulioandikwa mwaka jana uendelee kuhesabiwa leo. Homa iliyoandikwa mwezi uliopita isihesabiwe.

Hapo ndipo utakapokuwa tayari kwa swali la sababu. Katika kumbukumbu za malaria, waliochomwa sindano ya artesuneti wanaweza kuonekana kufa kwa wingi kuliko waliopewa dawa mseto ya vidonge, na programu inayotazama uwiano tu itailaumu sindano, ilhali sindano hupewa wenye malaria kali. Judea Pearl, aliyepata Tuzo ya Turing ya mwaka 2011, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, alitupatia lugha ya kihisabati ya kutenganisha kuona na kutenda: kujua kwamba mtu alichomwa sindano ni jambo moja, na kuuliza nini kingetokea kama tungemchoma sisi ni jambo jingine. Chora mishale ya sababu, yaani kila mshale utoke kwenye sababu uelekee kwenye tokeo lake, pamoja na matabibu, usiichore peke yako, kisha linganisha wagonjwa wenye ukali sawa wa ugonjwa. Ukali huo upimwe kabla ya matibabu kuanza. Ukitumia hali ya mgonjwa ya siku ya tatu, utakuwa umeiondoa sehemu ya kazi ya dawa yenyewe kwenye hesabu, na kosa hilo hutaligundua kama nyakati hazikuandikwa ipasavyo tangu mwanzo.