Kwa nini mtoto akatwe vinyama wakati kamera imeona tumbo safi?

SWALI: Habari daktari. Binti yangu wa miaka 8 anaumwa chembe cha moyo, na usiku huamka akilia. Kipimo cha damu kilisema ana H. pylori, wale bakteria wa tumbo, akanywa dawa mara mbili bila nafuu. Sasa anaingizwa kamera tumboni, na tumeambiwa atakatwa vinyama vya kupimwa maabara hata pasipoonekana kidonda. Kwa nini? Mama, Kondele, Kisumu.

JIBU: Mama, jibu unalolitafuta limo kwenye hivyo vinyama. Kamera huona sura ya utando wa tumbo tu. Nimeona utando mwekundu ambao maabara ilisema hauna neno, na mwingine uking'aa vizuri, kumbe chini ya hadubini umevimba kabisa. Kwa watoto, vijipele kama changarawe karibu na njia ya chakula kutoka tumboni hunifanya nishuku H. pylori. Hata hivyo nakata.

Kila kinyama ni kama punje ya wimbi, na utando hauhisi mkato. Isitoshe atakuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Tunachukua angalau 2 chini ya tumbo na 2 sehemu ya kati, maana bakteria hawa hukaa kwa mabaka. Kingine hutiwa kwenye jeli ya manjano. Ikigeuka pinki, wapo. Kwa kuwa dawa zimeshindwa mara mbili, uliza kama maabara inaweza kuwaotesha bakteria hao ijulikane dawa inayowaua.

Kile kipimo cha damu nisingekitegemea. Kinaonyesha kinga ambayo mwili uliwahi kutengeneza, na kinga hiyo hubaki miezi mingi baada ya bakteria kwisha.

Linaloharibu majibu zaidi ni omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Ongea na daktari wake ili iachwe wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria watajificha na majibu yatatoka safi. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, usingoje siku ya miadi, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Asile chochote kwa saa 6 kabla ya kamera, na chai ya maziwa ni chakula (wazazi wengi hukosea hapa). Maji matupu anaruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa mtoa usingizi aseme vingine.

Beba pia maganda ya dawa zote alizokunywa, hata matupu. Daktari hatataka kumrudishia ileile.