Kidonda kimerudi tena mdomoni, nimpake nini mtoto?

Shikamoo nesi. Mimi nipo Ilula huku Iringa, nauza nyanya na mwanangu wa miaka 4 nashinda nae sokoni. Tangu mwezi wa kwanza hii ni mara ya tatu anatoka kidonda ndani ya mdomo wa chini, kiduara kidogo cheupe kama njano hivi, pembeni chekundu. Homa hana ila kula hataki, uji analia, jana kanywa maji kidogo sana. Mama mkwe anasema tumsugue na ndimu na chumvi, jirani kaniambia nifungue kidonge cha rangi mbili nimwagie ule unga, na wifi kanitisha kwamba itamwambukiza mdogo wake nimtengee kikombe. Nifanye lipi jamani, na kwa nini kinarudi rudi?

Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na la wifi ili leo ulale: kidonda cha namna hiyo, kimoja au viwili, cheupe katikati na pembeni chekundu, kipo ndani ya mdomo na mtoto hana homa, hakiambukizi. Hakuna mdudu wa kuhamia kwa mdogo wake. Kinapona chenyewe ndani ya wiki 1 mpaka 2, zile siku 3 au 4 za mwanzo ndo zinauma kweli kweli alafu maumivu yanashuka.

Kinachoambukiza ni kingine na watu wanavichanganya sana. Kuna kile cha kirusi cha hepesi, mtoto anaanza na homa kali, fizi zinavimba zinakuwa nyekundu zinatoa damu ukizigusa, malengelenge mengi mdomo mzima mpaka nje kwenye lipsi, udenda unamwagika. Kuna na kingine mtoto anakuwa na vidonda mdomoni na hapo hapo vipele kwenye viganja na nyayo. Hivyo ndo vya kutenga kikombe na kijiko na kunawa mikono. Kwa hiyo leo mwanga ukiwa mzuri mfungue mdomo umwangalie vizuri, fizi, ulimi, alafu viganja na nyayo.

Sasa ndimu. Mama, hapana, naomba sana. Pale juu ngozi laini imetoka, nyama iko wazi, ukiweka ndimu na chumvi unamuunguza mtoto bure maana hakuna mdudu unayemuua pale. Na ubaya wake hauishii kwenye kilio, kesho yake akiona tu mkono wako unakuja mdomoni anafunga meno, maji hanywi, dawa hanywi. Nimepokea watoto wa hivyo wengi, kidonda chenyewe kidogo tu kama punje ya dengu ila mtoto amekauka, macho yameingia ndani, hajakojoa tangu asubuhi, na ukimuuliza mama anakwambia tulimsugua. Kidonda hakimuumizi mtoto kama kiu inavyomuumiza.

Rangi mbili nayo acha. Hiyo ni dawa ya bakteria, na hapo hakuna bakteria wa kutibu, na kama ni tetrasaiklini kwa mtoto chini ya miaka 8 inaweza kumwachia meno yenye rangi ya kahawia mpaka ukubwani.

Kitu cha kufanya ni kumpunguzia maumivu ili aweze kunywa. Mpe parasetamo ya maji kama nusu saa kabla ya chakula, kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Angalia uzito wake kwenye kadi ya kliniki, tuseme ana kilo 16 basi ni miligramu 240, na kwa chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwenye mililita 5 hapo ni mililita 10, ila soma chupa yako maana zinatofautiana. Rudia kila baada ya masaa 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Aspirini usimpe kabisa, kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Kama anajua kutema, jaribu kwanza na maji matupu, akiweza mchanganyie nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu asukutue ateme, mara 3 kwa siku. Akimeza meza usimlazimishe. Na hiyo chumvi ya kwenye maji sio sawa na ya kusugua, msije mkanielewa vibaya huko.

Chakula kiwe laini na kimepoa. Najua kwa baridi yetu hii ya huku juu, Juni Julai, mtu unataka mtoto anywe uji unaofuka moshi lakini huo huo ndo unamchoma. Uji uache upoe kabisa, maziwa freshi, ndizi mbivu, viazi vya kuponda, parachichi ambalo huku kwetu halikosekani. Maji kidogo kidogo kila saa, hata kwa mrija ili yasipite kwenye kidonda.

Kuhusu kurudi rudi, swali langu la kwanza kwako ni hizo nyanya. Mtoto anashinda pembeni ya tenga, anaokota moja anatia chumvi anakula, moja tena, si ndio? Nyanya ina asidi, kama nanasi na chungwa, inachokonoa kidonda na kwa wengine ndo inaanzisha. Mpumzishe wiki kadhaa uone. Angalia na mswaki kama ni mgumu, au kuna jino limechongoka linamkata, na dawa ya meno yenye povu jingi kuna watu inawasumbua, ukipata isiyo na povu lakini yenye floraidi mbadilishie. Muulize na baba yake kama utotoni alikuwa navyo maana vinatembea kwenye familia. Ila kwa vile ni mara 3 mpeleke kituo wampime damu, upungufu wa madini chuma, foliki au vitamini B12 unaleta kabisa hivi vidonda, na dawa yake iko kwenye maini, mayai, dagaa, maharage na mboga za majani.

Usingoje kama kimepita wiki 2, au kikubwa kuzidi sentimita 1, au homa imeingia, uzito unashuka, au hajakojoa masaa 8. Na mtoto aliyetoka kuugua surua au amedhoofika kwa utapiamlo, ukiona fizi inaoza, mdomo unanuka vibaya, shavu limevimba, kimbia siku hiyo hiyo, usilale. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa unaoitwa noma, unakula shavu ndani ya siku chache, Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahiwa mapema dawa inaokoa uso wa mtoto.

Nesi habari za kazi, mimi ni baba wa Uyole, Mbeya. Kichanga chetu miezi 3 ana utando mweupe kwenye ulimi na mashavu kwa ndani, bibi anaufuta na kitambaa alafu anampaka asali. Ni sawa?

Salama baba, na umefanya vizuri kuuliza. Ukifuta kidogo ukaona hautoki au chini panakuwa pekundu panatoa damu, hiyo ni fangasi, sio maziwa. Mwambieni bibi kwa upole aache kusugua, na asali kwa mtoto chini ya mwaka 1 ni hatari, inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli ya kichanga mpaka kupumua kukashindikana. Nendeni kituo mpewe nistatini ya matone, mtoto adondoshewe baada ya kunyonya, na mama nae atibiwe chuchu siku hizo hizo hata kama haziumi, la sivyo watarudishiana. Kunyonya kuendelee kama kawaida. Na usisahau kuwaambia kituoni kwamba alipakwa asali, na tangu lini. Akianza kulegea shingo, kulia kwa sauti ndogo, kushindwa kunyonya au choo kikagoma siku kadhaa, huyo ni wa kuwahishwa usiku huo huo.